Sarah Sophia Banks: Bibi wa London aliyejaza nyumba kwa sarafu kuukuu

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki lipo kopo la zamani. Ndani yake mna vifungo vya mashati, funguo za kufuli zilizokwisha potea, na sarafu mbili tatu za shaba zenye tundu katikati, za senti kumi au senti tano, zenye jina la mfalme wa Uingereza. Watoto huzichezea, wazee huzitazama wakakumbuka bei ya sukari enzi hizo, na mara mojamoja hutokea mgeni kutoka mjini akauliza kama zinauzwa.

Mgeni huyo hajarukwa na akili. Kukusanya na kununua sarafu za zamani za Uingereza, pamoja na zile ilizozigongea makoloni yake, ni burudani yenye wafuasi duniani kote. Ina minada yake, vitabu vyake vya bei, na wazee wake wanaoweza kubishana saa nzima juu ya nukta moja chini ya kidevu cha malkia. Wenye kuijua watakwambia kwamba umri peke yake hauleti bei. Sarafu ya Kirumi yenye miaka 1,700 unaweza kuinunua kwa pesa ya chakula cha mchana, kwa sababu za aina hiyo ziligongwa kwa mamilioni. Lakini peni ya Uingereza ya mwaka 1933, ambayo ziligongwa chache za kuhesabika kwa vidole, ni mali ya matajiri.

Kipo na kitu cha tatu, mbali na uchache na hali ya sarafu yenyewe, nacho ni mikono iliyopitia. Sarafu inayojulikana ilikuwa ya nani miaka 200 iliyopita huheshimiwa kuliko pacha wake asiye na historia. Katika majina ya watu hao wa zamani yamo ya wafalme, mawakili, madaktari na wenye viwanda. Na limo la mwanamke ambaye hakuwahi kuolewa, hakuwahi kushika cheo chochote, na aliishi karibu nusu ya maisha yake katika nyumba ya kaka yake. Huyo ndiye tunayemtazama katika makala hii.

Nyumba ya Soho Square

Sarah Sophia Banks alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1744 katika familia yenye ardhi kubwa Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Kaka yake Joseph alimtangulia kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Walikuwa wawili tu. Baba yao alifariki mwaka 1761, Joseph akarithi mashamba na kodi zake, na baada ya muda jina lake likasikika dunia nzima: ndiye aliyesafiri na nahodha James Cook kati ya 1768 na 1771 akikusanya mimea, na mwaka 1778 akawa rais wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi, kiti alichokikalia kwa zaidi ya miaka 40.

Joseph alipelekwa shule za wakubwa na chuo kikuu cha Oxford. Sarah Sophia hakupelekwa, maana wasichana hawakupelekwa. Alichokipata ni vitabu vya nyumbani na maandishi ya kaka yake, ambayo aliyanakili kwa mkono, pamoja na kumbukumbu za safari ya Cook. Tunaposoma leo baadhi ya maandishi hayo tunasoma mwandiko wake.

Joseph alimwoa Dorothea Hugessen mwaka 1779, na Sarah Sophia akaendelea kukaa nao katika nyumba namba 32, Soho Square, katikati ya London. Si kila wifi angekubali mpango huo. Lakini inavyoonekana watatu hawa walipatana kwa sababu wote walikuwa na ugonjwa mmoja. Joseph alikusanya mimea na vitabu. Dorothea alikusanya vyombo vya kauri kutoka China. Sarah Sophia alikusanya karibu kila kilichobaki: kadi za watu waliokuja kutembelea, tiketi za kuingilia tamasha, matangazo ya michezo ya kuigiza, karatasi za nyimbo zilizouzwa mitaani, picha za maputo ya kwanza yaliyobeba watu angani. Karatasi hizo zilifika karibu 20,000. Na alikusanya sarafu, zaidi ya 9,000.

Nchi isiyo na chenji

Ili kuelewa kwa nini sarafu, tuingie kidogo katika matatizo ya pesa ya Uingereza ya wakati ule. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa na peni 12. Hesabu hiyo ilikuwa sawa kwenye daftari. Mfukoni mambo yalikuwa mengine.

Kiwanda cha Sarafu cha Mfalme, kilichokuwa ndani ya ngome ya Tower jijini London, kiliacha kugonga sarafu za shaba mwaka 1775. Za fedha nazo ziligongwa kwa nadra sana, kwa kuwa madini yenyewe yalikuwa na bei kubwa sokoni kuliko thamani iliyoandikwa kwenye sarafu. Ukiigonga leo, kesho kuna mtu ameiyeyusha. Wakati huohuo viwanda vilikuwa vinafumuka kila kona na vibarua walihitaji kulipwa kila wiki. Mwenye kiwanda alikuwa na dhahabu ya kuwalipa watu 20 kwa mpigo, lakini hakuwa na chenji ya kumpa mmojammoja.

Pengo hilo likazibwa na waghushi. Nusu peni bandia zilitengenezwa kwa wingi kiasi kwamba muuza mkate alizipokea akijua kabisa ni bandia, kwa sababu nyingine hakuna. Sheria ilikuwa kali kupita kiasi. Mwaka 1789 mwanamke mmoja, Catherine Murphy, alinyongwa London kwa kosa la kughushi sarafu na mwili wake ukachomwa moto hadharani, adhabu iliyowekewa wanawake peke yao. Mumewe alinyongwa tu. Mwaka uliofuata bunge likaifuta adhabu hiyo ya moto. Hayo yalitokea katika jiji hilohilo ambamo Sarah Sophia alikuwa akipanga sarafu zake kwenye droo.

Mwaka 1787 kampuni ya migodi ya shaba ya Parys, katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, iliamua kutosubiri serikali. Iligonga peni zake yenyewe, nzito na nzuri, zenye kichwa cha kuhani wa kale mwenye ndevu, na kuahidi kuzipokea na kuzilipa. John Wilkinson, tajiri wa chuma, akafuata mwaka huohuo na kuweka uso wake mwenyewe mahali ambapo watu walizoea kuuona uso wa mfalme. Mji wa Coventry ukamweka Bibi Godiva juu ya farasi wake. Ndani ya miaka kumi Uingereza ilikuwa na maelfu ya aina za sarafu hizi binafsi, za wenye migodi, wenye maduka, wauza chai na wauza vitabu.

Nyingine zilibeba siasa. Thomas Spence, muuza vitabu wa London aliyetaka ardhi iwe ya wananchi wote, aligonga zake zenye kejeli dhidi ya wakubwa, na alifungwa kwa maandishi yake. Na palikuwa na nusu peni yenye picha ya Mwafrika aliyepiga magoti akiwa na minyororo mikononi, iliyotolewa na waliokuwa wakipigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Mtu alinunua mkate, akarudishiwa chenji, na hoja ya watumwa ikawa mkononi mwake.

Wakusanyaji na walaghai

Watu wakaanza kuzitunza. Kwanza ilikuwa mchezo, kisha ikawa homa. Mwaka 1798 mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Ipswich, James Conder, alitoa kitabu cha kuorodhesha sarafu hizi, na mpaka leo wakusanyaji huziita kwa jina lake. Wenye mashine za kugonga hawakuchelewa kuiona fursa. Walichukua muhuri wa upande mmoja wa sarafu ya mji huu na muhuri wa upande wa pili wa mji ule, wakazigonga pamoja, wakatoa kitu ambacho hakijawahi kutumika dukani popote, na kukiuza kwa bei ya kitu adimu. Aliyekinunua alirudi nyumbani akishangilia. Tusimcheke sana, mchezo huo haujafa, na anayenunua sarafu kuukuu leo bila kuuliza asili yake anaweza kujikuta palepale.

Sarah Sophia aliijua michezo hiyo kwa sababu alikuwa mtu wa kuandika. Hapa ndipo tunapoona tofauti yake na wengi wa wakati wake. Mfano mzuri ni Dk. William Hunter, tabibu aliyemhudumia Malkia Charlotte katika uzazi. Hunter alikusanya sarafu kwa nguvu ya pesa: palipouzwa kabati zima la mtu aliyefariki, yeye alinunua kabati zima. Alipokufa mwaka 1783 aliacha moja ya hazina kubwa za sarafu barani Ulaya, ambayo ilikwenda Chuo Kikuu cha Glasgow. Alizipenda zaidi za Wagiriki na Warumi, kama wasomi wote wa enzi hizo. Msomi hakujishusha kuokota nusu peni ya muuza chai.

Sarah Sophia alijishusha. Alikuwa na sarafu za kale, ndiyo, lakini alitaka pia zile zilizokuwa zikizunguka sokoni siku hiyohiyo, na zile zilizotengenezwa na watu binafsi, na medali, na vipande vya majaribio. Alinunua, alibadilishana na wakusanyaji wenzake, alipokea zawadi. Kila kilichoingia kilipata mstari wake kwenye daftari: ni nini, kimetoka wapi, nani amekileta. Alipanga kwa nchi, si kwa kufuata tu fahari ya dhahabu mbele, fedha katikati na shaba mkiani. Ukifungua daftari zake unatembea ramani.

Ramani hiyo ilimfikia nyumbani. Soho Square ilikuwa njia panda ya dunia. Manahodha, wapelelezi wa bara, mabalozi na wafanyabiashara walikuja kumwona Joseph, na baada ya mazungumzo ya mimea walijua kuna dada ghorofani anayependa pesa za nchi za mbali. Halafu kulikuwa na Matthew Boulton. Boulton alikuwa na kiwanda Birmingham, mahali ambapo nako kwa bahati kuliitwa Soho, na humo, kwa mashine za mvuke za mshirika wake James Watt, aligonga sarafu za duara kamili zilizofanana kama mapacha. Joseph na Boulton waliandikiana kwa miaka. Joseph alipoingia katika Baraza la Faragha la Mfalme mwaka 1797, suala la sarafu lilikuwa mojawapo ya kazi zake. Mwaka huohuo Boulton alipewa kazi ya kugonga peni mpya za shaba za serikali. Zilikuwa na uzito wa aunsi moja kila moja, na zile za peni mbili aunsi mbili, karibu gramu 57. Watu walizipa jina la magurudumu ya mkokoteni na kulalamika kwamba zinatoboa mifuko. Kupitia uhusiano huo Sarah Sophia alipata vipande kutoka kiwandani, vikiwa bado vinang'aa.

Afrika ndani ya droo

Katika mkusanyiko wake zimo sarafu za Kampuni ya Sierra Leone, zilizogongwa na Boulton kwa tarehe ya 1791. Upande mmoja kuna simba. Upande wa pili kuna mikono miwili iliyoshikana, wa Mzungu na wa Mwafrika. Kampuni hiyo iliundwa na wapinzani wa utumwa ili kuendesha makazi ya watu weusi walioachiwa huru, mahali ambapo leo ni Freetown, na dola yake iligawanywa katika senti 100 wakati London bado ilikuwa inahesabu kwa kumi na mbili na ishirini.

Simba huyo hakuwa picha ya kwanza ya Afrika kwenye sarafu za Waingereza. Kuanzia mwaka 1663 walikuwa na sarafu ya dhahabu iliyoitwa gini, jina lililotoka Guinea, kwa sababu sehemu ya dhahabu yake ilitoka pwani ya Afrika Magharibi. Chini ya kichwa cha mfalme, kwenye baadhi yake, kuna tembo mdogo. Tembo huyo ni alama ya Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyoleta dhahabu hiyo na iliyosafirisha Waafrika kwa maelfu kuwapeleka utumwani ng'ambo ya Atlantiki. Leo tembo huongeza bei ya gini mnadani. Wauzaji humtaja kwa furaha. Habari ya kampuni huandikwa mara chache zaidi.

Hatutaki kumfanya Sarah Sophia kuwa mwanaharakati. Kaka yake alisimamia mipango ya kupeleka mashelisheli Karibiani ili watumwa wa mashamba walishwe kwa gharama nafuu, na yeye alikula meza moja naye. Alichofanya ni kuhifadhi na kuandika, bila kuchagua kipi kinampendeza mwenye mamlaka.

Mavazi, mifuko na vicheko

London ilimjua, na sehemu ya kujulikana huko ilikuwa dhihaka. Alipokuwa kijana alifuata mitindo. Alipozeeka alivaa anavyotaka. Mwandishi John Thomas Smith, aliyemkumbuka katika kitabu kilichotoka baadaye, alieleza jinsi watu walivyogeuka kumtazama barabarani: sketi ya ndani iliyoshonwa kwa tabaka, yenye matundu mawili pembeni ya kuingizia mikono, na mifuko mikubwa iliyojaa vitabu. Nyuma yake alitembea mtumishi mrefu mwenye fimbo karibu sawa na kimo chake. Alipotaka kununua karatasi za nyimbo mitaani, zaidi ya mara moja alidhaniwa kuwa naye ni mmoja wa waimbaji wa barabarani.

Inasimuliwa pia kwamba alijishonea mavazi matatu ya sufu ya mshono mmoja, akayapa majina: Hightum la kutokea kwenye shughuli za heshima, Tightum la siku za kati, na Scrub la kushindia. Kwa wenye kumcheka ilikuwa kichekesho. Sisi tunaona mtu aliyekuwa na kazi ya kufanya na hakutaka kupoteza asubuhi mbele ya kabati la nguo.

Jambo lililokuwa zito zaidi ya vicheko ni milango. Jumuiya aliyoiongoza kaka yake haikuwa na mwanachama mwanamke, na haikumpata wa kwanza mpaka mwaka 1945. Hakukuwa na chuo ambacho kingemsikiliza. Hakuchapisha kitabu cha sarafu kwa jina lake. Ujuzi wake wote ulikaa katika daftari za mkono, ndani ya nyumba ya mtu mwingine, na mtu yeyote aliyezirithi angeweza kuzitia motoni.

Mwaka 1816 serikali hatimaye iliamua kurekebisha pesa za fedha. Mapema mwaka uliofuata wananchi walitakiwa kupeleka shilingi zao chakavu, zilizolainika mpaka uso wa mfalme umefutika, na kubadilishiwa mpya. Za zamani zikayeyushwa kwa tani. Aliyekuwa ameweka kando shilingi iliyochakaa, nusu peni bandia au peni ya mgodi, sasa alikuwa na kitu ambacho mitaani kimekwisha. Sarah Sophia alikuwa amefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 30.

Baada ya kifo chake

Alifariki tarehe 27 Septemba 1818, akiwa na umri wa miaka 73, baada ya ajali ya gari la farasi. Kaka yake na wifi yake hawakuuza mkusanyiko. Waliutoa kwa Jumba la Makumbusho la Uingereza, ambalo lilichukua sarafu ambazo halikuwa nazo. Zilizobaki, karibu 2,000, zilipelekwa Kiwanda cha Sarafu cha Mfalme, ambako mkuu wake, William Wellesley Pole, alikuwa ameanzisha makumbusho miaka miwili tu kabla. Joseph mwenyewe alifuata mwezi Juni 1820.

Kuokoka kwa vitu hakukumaanisha kuokoka kwa kazi yake. Kwenye jumba la makumbusho sarafu zilitolewa katika mpango wake na kuchanganywa na nyingine za idara. Karatasi ziligawanywa, hizi kwa idara ya picha, zile kwa maktaba. Ramani aliyoichora kwa miaka mingi ilikatwa vipande, na kwa muda mrefu aliyetajwa alitajwa kama dada wa Sir Joseph aliyekuwa na tabia za ajabu ajabu.

Zilizomrudisha ni zile daftari. Watafiti wa karne hii wamezisoma upya, mstari kwa mstari, wakafuata kila sarafu mpaka kabati ilipolala, na kwa baadhi yake wakaweza kusema ilikuja kutoka kwa nani. Kwa wanaosoma sarafu binafsi za miaka ya 1780 na 1790, yeye ni shahidi aliyeziona zikitoka, si mtu aliyezinunua miaka mia baadaye kwa wauzaji wenye hadithi nyingi. Kwenye kumbukumbu za Jumba la Makumbusho la Uingereza, namba za sarafu zake huanza na herufi zake tatu, SSB, na yeyote mwenye simu na intaneti anaweza kuzitafuta.

Zile zilizokwenda kiwandani zilihama pamoja nacho. Kiwanda hakipo tena London. Katika miaka ya 1960 na 1970 kilihamishiwa Llantrisant, mji mdogo wa Wales ya kusini, na makumbusho yake yako hukohuko, yakiwa bado na sarafu za bibi wa Soho Square.